Fedha za Haki Zifuate Njia ya Jalada

Kesi ya ukatili wa kijinsia huanza muda mrefu kabla ya kufika mahakamani. Huanza pale manusura anapofika kituo cha polisi au hospitali, na tangu hapo jalada lake hupita mikononi mwa askari wa zamu, daktari, mpelelezi, mkemia, mwendesha mashtaka, karani na hatimaye hakimu. Mmoja wao akikwama kwa kukosa kifaa, usafiri au muda, kazi ya wote waliomtangulia hupotea. Kwa hiyo anayepanga bajeti au kutoa ruzuku anapaswa kwanza kujua majalada yanakwama wapi, kisha ndipo azungumzie kiasi.

Mwaka 2009, katika ghala la polisi mjini Detroit, Marekani, yalikutwa masanduku zaidi ya 11,000 ya vielelezo vya ubakaji ambavyo havikuwa vimepimwa. Kila sanduku lilikuwa na sampuli kutoka kwa mtu aliyekubali kuchunguzwa mwili mzima, mara nyingi saa chache tu baada ya kushambuliwa, akiamini kwamba zingefika maabara. Upungufu wa fedha na watumishi ulichangia, lakini pia wapo askari waliowatilia shaka walalamikaji hata kabla ya kuchunguza. Vielelezo hivyo vilipopimwa baadaye, vinasaba viliwafichua mamia ya watuhumiwa waliohusishwa na zaidi ya shambulio moja.

Fedha zinaweza kununua vipimo. Kubadili mtazamo wa mpelelezi ni kazi ngumu zaidi, na semina ya siku mbili haiimalizi. Nakiri kwamba semina zinapendwa kwa sababu ni rahisi kuziandikia ripoti: mahudhurio yapo, picha zipo. Mafunzo huzaa matunda pale msimamizi anapoyapitia majalada kila mwezi na kumtaka mpelelezi aeleze kwa maandishi kwa nini shauri fulani limefungwa.

Jambo la pili ni mgawanyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake ilianzisha ruzuku kwa majimbo ambayo siku hizi hugawanywa kwa viwango vya chini vilivyowekwa kisheria: asilimia 25 kwa polisi, 25 kwa waendesha mashtaka, 5 kwa mahakama, na 30 kwa huduma za manusura. Inafaa kuangalia kwamba fungu kubwa kuliko yote limekwenda kwa manusura, na kwa maoni yangu hilo ni sahihi, kwa kuwa kesi nyingi za aina hii hutegemea shahidi mmoja.

Shahidi huyo huomba ruhusa kazini, hulipa nauli, humwachia jirani mtoto, kisha hukuta kesi imeahirishwa. Mara ya tatu huenda asirudi, hasa ikiwa kila mara amelazimika kusubiri kwenye benchi moja na mshtakiwa. Chumba cha pekee cha kusubiria, nauli ya mashahidi, mkalimani wa lugha ya alama na mtu wa kumpigia simu siku moja kabla kumjulisha kama tarehe imebadilishwa ni gharama ndogo, lakini ndizo hukatwa kwanza bajeti inapobana.

Ruzuku pia ina tarehe ya mwisho. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake, ulioanzishwa mwaka 1996, hutoa fedha kwa miradi ya muda maalumu, kama ilivyo mifuko mingi ya namna hiyo. Fedha hizo zinafaa kujaribu utaratibu mpya. Mshahara wa mkemia na wa mshauri wa manusura uwe kwenye bajeti ya serikali tangu mwanzo, la sivyo mradi ukifungwa, maabara nayo hufungwa.

Katika kupima matokeo, idadi ya hukumu za hatia isiachwe peke yake, maana inaweza kumshawishi mwendesha mashtaka achague kesi nyepesi na kuziacha za watoto au za watu wenye ulemavu wa akili. Zihesabiwe pia siku kati ya taarifa ya kwanza na hukumu, na walalamikaji waliojitoa, pamoja na hatua ambayo jalada lilikuwa limefikia walipojitoa.