Je, wajua? Viumbe wa kwenye jiwe huponaje katika tangi jipya la maji chumvi?

Wafugaji wengi wa samaki wa baharini huanza na jiwe, samaki baadaye. Ni kipande cha matumbawe yaliyokufa zamani, chenye matundu tele, kilicholala baharini hadi kikajaa viumbe. Huitwa jiwe hai. Lee Chin Eng wa Jakarta aliieleza njia hii mwaka 1961: mawe ya baharini na mapovu ya hewa, basi.

Shida ni safari. Jiwe husafirishwa likiwa limeviringishwa kwenye magazeti mabichi, nje ya maji kwa saa nyingi. Sifongo (naye ni mnyama, ingawa hafanani) ndiye wa kwanza kufa, kwani hewa huziba vijia vyake vya maji. Konokono hufunga gamba, kama afanyavyo maji yakipwa. Kaa wadogo, uduvi na minyoo hurudi ndani ya matundu yaliyobakiza maji. Mwenye tangi huliona jiwe tupu, hadi amulike tochi usiku aone miguu ikichomoza.

Walionusurika sasa wanakabiliwa na maiti za wenzao. Zikioza hutoa amonia, na pH (kipimo cha uasidi) ya maji ya bahari, inayozidi 8, huifanya sumu hiyo kuwa kali zaidi. Wanaowaokoa ni bakteria waliotanda kwenye jiwe lenyewe. Kundi moja hula amonia na kutoa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Ndani kabisa, kusikofika oksijeni, wengine huitumia naitreti kupumua na kuiachia kama gesi ya naitrojeni.

Kwa hiyo vifo vile vya mwanzo ndivyo vinavyowalisha bakteria hao. Ila huzaana taratibu mno kuliko wale wa kuozesha, ndiyo maana tangi huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kutulia, na jiwe lililooza sana ni heri lisafishwe kwanza kwenye pipa la pembeni. Mwani wa rangi ya waridi uliopauka juu ya jiwe huweza kurudi baada ya miezi, maji yakiwa na kalisi ya kutosha. Samaki asubiri hadi vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri.