Picha za anatomia si picha za simu: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Hizo ni picha tu, zibane kwa JPEG zipungue tushee WhatsApp."

Hapana jamani. Chukua Visible Human, mradi wa maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Mwili wa mwanaume uligandishwa, ukakwanguliwa juu milimita moja moja na kila hatua picha inapigwa, zikapatikana picha 1,871 na zikatolewa 1994. Kila moja ina pikseli (vidoti vya picha) 2048 kwa 1216, piga hesabu ya rangi zake unapata kama MB 7.5, weka na CT na MRI, yaani picha za hospitali za kuona ndani ya mwili, unafika kama GB 15. Ya mwanamke ilitoka 1995, yeye alikatwa theluthi ya milimita, kama GB 40 hivi. Sasa JPEG inagawa picha kwenye viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kurahisisha rangi humo ndani, ukibana sana neva nyembamba inachukua rangi ya mafuta ya pembeni, na programu ya kujenga umbo la 3D inafuata kingo ambazo mwilini hazikuwepo. Kama ni kupunguza ukubwa tumia PNG au zip, ukifungua kila pikseli iko vilevile. JPEG tengeneza nakala ya kuangalizia kwenye simu, ila orijino usiiguse.

Na majina ya faili pia yana shida zake! Ukiandika picha1, picha2, picha10, programu nyingi zitaweka 10 kabla ya 2 na mwili mzima unavurugika, andika 0001, 0002 toka mwanzo.

Dhana: "Nimefuta jina kwenye faili, mgonjwa hajulikani."

Hilo ni jina la nje tu, ndani ya faili la DICOM (aina ya faili la picha za hospitali) kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, hospitali, tarehe ya kipimo, na kwenye ultrasaundi mara nyingi jina limechapwa juu ya picha yenyewe. CT ya kichwa nayo unaweza kuijenga ikawa sura kamili ya mtu. Yule mwanaume wa Visible Human hakutajwa jina, lakini aliuawa kwa hukumu ya kifo Texas 1993 na waandishi wa habari walimtambua tu. Hili ndilo linaniuma kuliko yote, maana mtu akishatambulika huwezi kurudisha nyuma.

Dhana: "Kuangalia lazima udanlodi zote, bando litaisha."

Slaidi ya hadubini ya pikseli 100,000 kwa 100,000 ni GB 30 kabla ya kubanwa, lakini ikikatwa vigae, yaani vipande vidogo, unavuta kile kipande unachokitazama tu, kama ramani za mtandaoni.

Dhana: "Iko kwenye hadi diski, imeshahifadhiwa."

Diski moja ikianguka umekwisha. Weka nakala sehemu mbili tofauti.

Dhana: "Ikiwa mtandaoni ni ya bure."

Visible Human yenyewe ilihitaji leseni mpaka 2019, sasa hivi unadanlodi bila kuomba. Makusanyo mengine yana masharti yake, mengine hayaruhusu kupostiwa popote, kwa hiyo soma kwanza kabla hujaweka kwenye grupu la darasa.