Senene, Mkeka na Darasa Lisilo na Ubao
Wazazi wengi wa Kampala hudhani kwamba mama anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake huwalisha na kuwalaza tu, na kwamba elimu huanza siku mtoto anapovaa sare ya chekechea. Sivyo. Mwezi Novemba, msimu wa senene, panzi wanaoliwa, mtoto wa miaka 3 anayeketi mkekani akiwanyofoa mabawa huhesabu, hutenga wa kijani na wa kahawia, na huzoeza vidole vitakavyoshika kalamu. Akiuliza kwa nini mwenzake hali senene, huelezwa kwamba kwa Waganda wa ukoo wa Nsenene mdudu huyo ni mwiko. Kitabu cha picha, mara nyingi chenye picha za theluji ya nchi za mbali, hakimpi hayo. Mlezi anahitaji kutaja majina, kuuliza, na kungoja jibu hata likichelewa.