Kasuku mwenye ulimi wa brashi

Ukitaja kasuku watu wengi wanamuwaza yule wa kijivu anayevunja karanga na kuiga sauti za watu. Mimi nimefanya kazi na ndege miaka mingi na kundi ninalolipenda kupita yote ni loriketi, kasuku wa huko Australia, Papua na visiwa vya Pasifiki ambao wanaishi kwa maua, nekta na chavua, kama chozi wetu huku.

Huo ulimi wao nimeuona kwa karibu sana, nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya sukari na loriketi mmoja akaja kutua kwenye kifundo cha mkono. Ulimi wa kasuku wa kawaida ni kinyama kinene, laini, kama ncha ya kidole. Huyu akianza kula ile ncha inafunguka, vinasimama vinyama vidogo vidogo kama nywele za brashi ya rangi, anapiga chap chap chap, akimaliza vinalala tena huwezi hata kujua kama vipo. Nekta inampa nguvu tu, protini anaipata kwenye chavua, na chavua ni unga, ndo maana anahitaji brashi.

Sasa firigisi yake ni dhaifu, haikuumbwa kusaga mbegu ngumu. Niliwahi kuletewa mmoja mfupa wa kifua umechomoza kama kisu, mwenyewe aliambiwa dukani kwamba kasuku wote wanakula alizeti, akamlisha alizeti tupu miezi kadhaa kwa nia njema kabisa. Ndege yule hakumaliza wiki. Inaniuma mpaka leo.

Ila leo nilitaka kumwongelea mmoja hasa, loriketi wa Rimatara, kitaalamu Vini kuhlii, mwenyeji wa kisiwa cha Rimatara, kwenye visiwa vya Austral huko Polinesia ya Ufaransa, katikati ya Pasifiki. Ni mdogo, urefu kama sentimita 19, mgongo kijani, kisogoni zambarau, na kuanzia kidevuni kushuka chini ni mwekundu wa kuwaka. Huo wekundu ndo uliomponza. Wapolinesia manyoya mekundu kwao yalikuwa mali ya wakubwa, mapambo ya machifu, kwa hiyo kwenye visiwa jirani vya Cook waliwawinda mpaka wakaisha kabisa. Rimatara walibaki kwa sababu malkia wao, Tamaeva, aliweka tapu, yaani mwiko, kwamba asiuawe wala asitolewe kisiwani, na watu wakautii vizazi na vizazi.

Sababu ya pili iliyowaokoa ni kwamba kuna panya mmoja hajafika kwao. Panya mweusi, huyuhuyu wetu wa darini, anapanda mnazi bila shida na kuingia kwenye tundu la mti ambamo mama ana mayai yake mawili. Rimatara kuna panya mdogo wa Kipolinesia lakini mweusi hajafika. Kwa hiyo wataalamu walipotafuta kisiwa cha kuwarudisha huko Cook wakachagua Atiu, nako hakuna panya mweusi, na Aprili 2007 wenyeji wa Rimatara wakakubali ndege 27 wapande ndege kwenda huko, mwiko ukalegezwa kidogo ili kizazi kiokoke. Wakazaana.

Shida iliyowakuta Atiu ni maina, ndege wa Kihindi aliyepelekwa zamani kupambana na wadudu, akageuka balaa kama kunguru wa Kihindi hapa pwani, anavamia viota na kushambulia makinda yakitoka tu. Kuanzia 2009 watu wa Atiu waliwafuata kwa sumu na kwa bunduki, miaka kadhaa, mpaka wakawamaliza.

Ninachokihofia mimi ni meli. Rimatara mizigo inakuja kwa meli, na panya jike mmoja mwenye mimba ndani ya gunia anatosha kabisa.