Pakeji nyingi si mashine nzito

Vijana wetu wa kompyuta hapa Chake Chake wakikutana, haupiti muda utasikia: "Mashine yangu nyepesi, ina pakeji mia tano tu. Ya fulani ina elfu mbili!" Na wote wanaitikia. Imezidi sasa, hebu tuiweke sawa.

Pakeji ni mafaili yaliyofungwa pamoja, yakaingia pamoja na kutoka pamoja, yakiwa na maelezo ya jina, toleo na pakeji nyingine yanazozitegemea. Basi. Hakuna palipoandikwa kwamba pakeji moja ni programu moja, wala kwamba ina ukubwa fulani. Pa kukata wanaamua wanaounda mfumo endeshi, na kila kundi lina mkono wake.

Chukua OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni. Kwenye Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, amri unayoiandika mwenyewe imo kwenye pakeji ya openssl. Maktaba inayotumiwa na programu nyingine imo kwenye libssl3, mafaili ya .h ya kujengea programu yamo libssl-dev, na nyaraka ziko libssl-doc. Nenda Arch Linux, mfumo mwingine wa Linux: amri, maktaba na mafaili ya .h yote yamo kwenye pakeji moja tu, openssl. Kitu ni kilekile.

Asiyejua hili ndiye anayejenga programu yake kwenye Debian, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu) ikamwambia haioni openssl/ssl.h, naye akatangaza kuwa OpenSSL haimo kwenye mashine. Anaanza kushusha msimbo wote upya, bando linateketea. Imo, bwana wee! Andika dpkg -L libssl3 utaiona libssl.so.3 imetulia mahali pake. Kilichokosekana ni libssl-dev.

Na Debian hawakati vipande vidogo kwa mbwembwe. Tazama namba iliyo kwenye jina la maktaba: kwa kuwa libssl1.1 na libssl3 ni pakeji mbili tofauti, zinaweza kukaa pamoja kwenye mashine moja, na programu ya zamani ikaendelea kufanya kazi wakati mpya imeshahamia kwingine. Ukiziweka chini ya jina moja, siku maktaba inapobadilika vyote vinavyoitegemea lazima vibadilike siku hiyohiyo. Arch wameikubali gharama hiyo, ndiyo maana wanakukataza kusasisha nusunusu, yaani pakeji hizi na kuacha zile. Halafu kuna mafaili yasiyobadilika hata prosesa ikibadilika, kama picha na tafsiri. Debian huyatenga kwenye pakeji zinazoishia -common au -data, ili seva zisiyahifadhi mara moja kwa prosesa za amd64 na mara nyingine kwa za arm64.

Ukataji huo una bei yake. Debian 12 ilitoka 2023 ikiwa na pakeji zaidi ya 64,000, na orodha yake ni megabaiti kadhaa kabla hujasakinisha chochote. Sisi tunaonunua bando tunaihisi.

OpenBSD, mfumo endeshi usio wa Linux, wako ng'ambo ya pili kabisa. Mfumo wao wa msingi unakuja kwa mafungu machache, base, comp, man, game na manne ya X (sehemu ya madirisha na picha kwenye skrini), na wenyewe wanakushauri uchukue yote kwa sababu ndivyo walivyoujaribu. Nawaelewa. Pakeji 20 za hiari peke yake zinatoa michanganyiko zaidi ya milioni moja. Nani ataijaribu yote? FreeBSD, ndugu zao, nao walikaa miaka na miaka mfumo wa msingi ukiwa mabonge machache, mpaka toleo la 15 ndipo kisakinishi kikakupa nafasi ya kuuchagua ukiwa umekatwa pakeji.

Sasa turudi kwenye majigambo. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, waliigawa TeX Live (mkusanyo wa programu za kupanga maandishi ya kuchapa) kwenye maelfu ya pakeji, ilhali Debian wameikusanya kwenye makumi tu. Mwenye Fedora akiisakinisha yote, hesabu yake inaruka kwa maelfu, na mwenye Debian akiwa na vitu hivyohivyo atamcheka kuwa mashine yake nzito! Tena hukohuko Debian, texlive-full karibu haina kitu ndani, kazi yake ni kuziita nyingine tu, na inahesabiwa moja sawa na texlive-fonts-extra inayokula mamia ya megabaiti. Huku ni kuhesabu polo za karafuu bila kuzipandisha kwenye mizani.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkitaka kushindana kwa wepesi, andikeni df -h muone diski imeliwa kiasi gani, na free -h muone memori. Hesabu ya pakeji ilinganisheni kwa wenye mfumo mmoja na toleo moja, na hapo pia ondoeni kwanza zile zisizo na kitu ndani.