Je, wajua kwa nini gia ya pampu ya dizeli haitoki hata nati ikishafunguliwa?

Nati imeshafunguka, washa imetoka, na bado gia haijasogea hata unywele. Mwanagenzi anaitikisa, anaitia bisibisi kwa nyuma, mwisho anatupa jicho kwenye nyundo. "Iache hiyo, mwanangu," fundi anamwambia. "Hapo utaua pampu." Kisha anakwenda kuchukua kipande cha bamba chenye matundu matatu ambacho hakikununuliwa duka lolote. Bamba lile linajua nini ambacho nyundo haijui?

Jibu limo kwenye umbo la shafti. Mwisho wa shafti ya pampu haukunyooka kama bomba; umechongwa koni, na tundu la gia nalo limechongwa koni ya kulingana nayo. Kazi ya nati ni kuisukuma gia ipande juu ya koni mpaka ishikane. Baada ya hapo anayeshika ni msuguano wa chuma kwa chuma. Ni kama jembe na mpini wake: likishajikaza halitoki kwa kulivuta kwa mkono. Kile kipande kidogo chenye umbo la nusu mwezi, kii, hakibebi mzigo mkubwa. Kipo ili gia ikae pahala pake na taimingi, yaani wakati wa pampu kupeleka dizeli, isipotee.

Koni za shafti za pampu kwa kawaida huchongwa kwa kipimo cha 1 kwa 5, yaani kila ukisogea milimita 5, kipenyo kinapungua milimita 1. Kila upande unakuwa umelala kwa digrii 5.7 hivi. Chuma kikavu juu ya chuma hakianzi kuteleza chenyewe mpaka mlalo ufike kama digrii 8. Kwa hiyo koni ile, kwa hesabu tu, haiwezi kujiachia. Ongeza upepo wa bahari wa visiwani kwetu, ambao chumvi yake hutia kutu kila pahala, na miaka kadhaa bila ya kufunguliwa, utaelewa kwa nini watu huishia kukasirika.

Na hasira ndiyo inayoleta hasara. Ndani ya pampu, plenja, yaani pistoni ndogo inayosukuma dizeli, na mfuko wake hupishana kwa nafasi ya mikroni chache tu, na unywele wa mtu una mikroni kama 70. Nafasi ile finyu ndiyo inayoiwezesha pampu kusukuma dizeli kwa nguvu. Nozo zinazopuliza dizeli kwenye Toyota 3L, injini ya Hiace nyingi, hufunguka kwenye shinikizo la bar 150 hivi, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Ukiipiga shafti nyundo kwenye ncha, pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye bearingi na sehemu hizo. Pula ya kucha, kifaa cha kuvutia kinachoshika ukingo, nayo haifai: ukingo unavutwa, katikati pamekwama, puli (gia ya kuzungushwa na mkanda) inapinda au jino linavunjika.

Kwa hiyo lazima gia ivutwe karibu na katikati, sawasawa pande zote mbili, huku shafti ikisukumwa upande wa pili. Viwanda vinalijua hilo. Itazame puli ya pampu kwa makini na mara nyingi utaona matundu mawili yenye uzi yasiyoshika bolti yoyote, mengi yakiwa ya M8, yaani ya bolti ya kipenyo cha milimita 8. Wapo wanaodhani kuna bolti zimepotea. Hayo ni ya kuvutia, na kifaa cha kiwandani kimetengenezwa kuyafuata. Kifaa hicho ni cha kuagizwa, na gari la abiria haliwezi kulala gereji likisubiri mzigo uvuke bahari. Ndiyo maana cha kujitengenezea kina maana.

Nafasi kati ya matundu huna haja ya kuikisia. Bandika kadibodi kwenye uso wa puli, pitisha kidole chenye grisi juu yake, na matundu yote pamoja na ncha ya shafti yatajichora. Hamishia alama kwenye bamba kwa senta panchi, toboa kwanza kwa drili ya milimita 5, kisha panua: milimita 9 kwa matundu ya pembeni, 13 kwa la katikati. Ya pembeni ukiyarefusha kwa tupa yawe kama mifereji, bamba litafaa pampu za aina zaidi ya moja.

Bamba lenyewe liwe na unene usiopungua milimita 15 na upana wa 50. La milimita 10 hupinda, na likipinda bolti ya katikati inakwenda upande. Chuma cha springi ya lori kinavutia kwa ugumu wake, lakini ugumu huo huo utamaliza drili zako.

Nyuma ya tundu la katikati huchomewa nati ya M12, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nati ikae upande wa injini. Bolti ikikazwa, shafti inasukumwa ndani na nati inarudishwa nje; ikiwa upande wa injini inaegemea bamba na kuchomewa kule hakubebi kitu. Ukiiweka upande wa nje, mzigo wote unaning'inia kwenye weldingi peke yake. Chomea huku bolti kuukuu imo ndani ya nati, imesimama wima, ili isikae mshazari.

Mzigo huo si mdogo. Bolti ya M12 ukiikaza kwa spana ya nusu mita na kuweka uzito wa kilo 12 mwishoni, inasukuma kwa takriban tani mbili na nusu. Kila bolti ya M8, zile mbili za pembeni zinazoshika puli, inabeba nusu yake. Isiyo na alama kichwani huanza kurefuka ikifika kama kilo 800, iliyoandikwa 8.8 inavumilia tani mbili. Bolti mbili hizo ndizo za kuzitolea pesa, kuliko bamba. Ziingie kwenye uzi wa puli angalau milimita 8.

Kabla ya kukaza, tia alama za taimingi, kwenye puli na pale pampu inapokutana na injini. Rudisha nati ya shafti mpaka iwe sawa na ncha, usiikaze: inalinda uzi na inazuia gia isiruke itakapoachia. Penye gia iliyo ndani ya kava, ziba chini kwa kitambaa, maana washa ikidondokea humo utafungua kava zima. Paka grisi uzi wa bolti ya katikati, kaza kidogo kidogo, bamba likae sambamba na puli. Itaachia kwa mlio mmoja, tak.

Isipoachia, wapo wanaogonga kichwa cha bolti. Mimi siungi mkono, kwa kuwa pigo hilo linafika kule kule tulikokukimbia. Bora kulegeza, kutia mafuta ya kulainisha kutu, kukaza tena na kuiacha ilale hivyo usiku. Moto wa gesi usiusogeze: sili ni za mpira na dizeli ipo pale pale.

Wakati wa kurudisha, futa koni zote mbili mpaka zikauke kabisa. Grisi hapo haitakiwi hata kidogo, kwa sababu msuguano ule uliokusumbua wakati wa kutoa ndio injini inaoutegemea kuendesha pampu.