Addis Ababa baada ya kikao: yanayosemwa na yaliyopo

Wajumbe wengi wanaotoka kwetu wanaijua Addis Ababa kwa sehemu tatu: uwanja wa ndege wa Bole, hoteli na ukumbi wa mkutano. Wanarudi na makabrasha, pakiti za kahawa na maneno yaleyale kuhusu jiji hilo. Mengi ya maneno hayo si kweli, na yanawanyima watu mahali ambapo sehemu ya historia yetu wenyewe imehifadhiwa. Tangu mwaka 2022, Umoja wa Afrika ulipokikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, tuna sababu zaidi ya kwenda huko, na kwa hiyo sababu zaidi ya kupajua.

“Hakuna cha kuona, na muda wenyewe hautoshi”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kikao kikivunjika saa saba mchana, zimebaki saa tano za mwanga, nazo zinatosha. Shika barabara moja tu, ile inayopanda kutoka Arat Kilo hadi Sidist Kilo. Karibu na mwanzo wake kuna Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa Mfalme Haile Selassie mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake. Ukipanda kidogo unafika Makumbusho ya Taifa. Ukiendelea hadi juu unaingia Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ambako kasri la zamani la mfalme huyo sasa ni makumbusho ya mila na tamaduni, na chumba chake cha kulala bado kinaonekana. Tembea polepole: jiji liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa ataanza kuhema kabla ya nusu ya njia.

“Lucy ndiye binadamu wa kwanza, na mifupa yake iko pale kwenye kioo”

Yote mawili si sahihi. Inayoonyeshwa kwa kawaida katika Makumbusho ya Taifa ni nakala. Mifupa halisi huhifadhiwa ghalani. Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alipatikana Hadar, katika eneo la Afar, Novemba 1974, na umri wake ni takriban miaka milioni 3.2. Ethiopia hiyohiyo imetoa mabaki ya kale zaidi, ya Ardi, kiumbe mwingine wa ukoo huo, yenye miaka milioni 4.4.

Kinachonisikitisha ni Mtanzania kupita mbele ya kioo kile bila kujua kwamba anamtazama jirani. Spishi ya Lucy, *Australopithecus afarensis*, ilipopewa jina mwaka 1978, kielelezo rasmi cha kuitambulisha kilikuwa taya kutoka Laetoli, karibu na Ngorongoro. Nyayo maarufu za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, wataalamu wengi wanasema ni za spishi hiyohiyo.

“Ethiopia haikuwahi kuguswa na mkoloni”

Ushindi wa Adwa, ambako Waethiopia waliwapiga Waitalia Machi 1, 1896, ni wa kweli, na makumbusho mapya ya ushindi huo, yaliyofunguliwa Piassa mwaka 2024, yanastahili ziara. Lakini Waitalia walirudi. Waliingia Addis Ababa Mei 5, 1936, na Haile Selassie akarejea jijini Mei 5, 1941. Kuna wanaoiita miaka hiyo mitano uvamizi na kukataa kuiita ukoloni, nami naona hoja yao ina uzito, kwa kuwa mapambano ya silaha hayakukoma. Ila kusema nchi haikuguswa ni kuwasahau waliokufa.

Nenda pale Sidist Kilo ujionee. Februari 19, 1937, katika kasri hilohilo ambalo leo ni makumbusho, vijana wawili walimrushia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, mtawala aliyewekwa na Mussolini, kiongozi wa Italia. Alinusurika. Kilichofuata ni siku tatu za kuua raia na kuchoma nyumba. Serikali ya Ethiopia ilitaja watu 30,000; wapo wanahistoria wanaotaja idadi pungufu, lakini hata hesabu zao ni za maelfu. Mnara wa Yekatit 12 (ndiyo tarehe hiyo kwa kalenda ya Ethiopia), nje ya lango la chuo, umesimama kwa ajili yao. Ndani ya uwanja wa chuo kuna ngazi za zege zisizoelekea popote. Waitalia walizijenga, kila kipandio kikiwa mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini kuanzia 1922. Baada ya ukombozi, Waethiopia hawakuzibomoa. Waliweka sanamu ya simba juu yake.

Sisi pia tumo katika habari hiyo. Jeshi lililotokea Kenya kupitia Somalia na kufika Addis Ababa Aprili 1941 lilikuwa na vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza), yaani vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), ambao wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kambini. Kiswahili kilifika jiji lile miaka 81 kabla ya ule uamuzi wa Umoja wa Afrika.

“Africa Hall ndiyo makao makuu ya Umoja wa Afrika”

Ni majengo mawili tofauti. Africa Hall, iliyofunguliwa 1961, iko ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa. Humo ndimo nchi 32 zilipounda OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, Mei 25, 1963, Nyerere akiwepo kwa niaba ya Tanganyika huku Kenya na Zanzibar zikiwa bado hazijapata uhuru. Vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, mita za mraba 150, vinasimulia Afrika ya jana, ya leo na ya kesho. Omba ruhusa mapema kupitia wenyeji wa mkutano wako.

Makao makuu ya AU yapo kwingine, jengo refu lililozinduliwa 2012 mahali palipokuwa na gereza la kutisha la Alem Bekagn. Sanamu ya Mwalimu Nyerere imesimama hapo tangu Februari 2024.

“Ni mji wa kale sana”

Taifa ndilo la kale. Aksum na Gondar ziliwahi kuwa makao ya wafalme karne nyingi kabla, ilhali Addis Ababa ilianza 1886, pale Taytu, mke wa Mfalme Menelik, alipopendelea kukaa karibu na chemchemi za maji moto za Filwoha badala ya baridi ya mlima Entoto. Inaizidi Nairobi kwa miaka 13 tu.

“Saa zao zitakuchanganya”

Zinawachanganya Wazungu. Mwethiopia huanza kuhesabu saa alfajiri, kama sisi, na majira yake ni ya Afrika Mashariki. Dereva akikuambia saa tatu asubuhi, ni saa tatu yako. Tahadhari ni moja: akikusikia unaongea Kiingereza anaweza kukubadilishia, hivyo uliza anasema saa za wapi. Kalenda ndiyo tofauti kweli, ina miezi 13, mwaka mpya ni Septemba, na iko nyuma kwa miaka saba au minane.

“Chakula chao ni nyama tu”

Waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai karibu kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 kabla ya Pasaka. Siku hizo agiza beyaynetu, yaani injera (mkate wao mpana na laini) iliyopambwa kwa dengu, mboga na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde. Mwislamu asihangaike kuhusu nguruwe, kwani hata Wakristo wa Orthodox hawamli, ila aulize aliyechinja ni nani: huko kila dini hula nyama ya mchinjaji wake, na migahawa ya Waislamu ni mingi kuzunguka Msikiti wa Anwar, kwenye eneo la soko la Merkato.